Alama Ishirini na Tatu na Nusu

Benchi la mbele ya duka la Marlys la chakula cha mifugo, mjini Pruett, Wyoming, hukaa watu wanne kwa raha na watano kwa ugomvi. Lilitengenezwa kwa mbao za behewa bovu la treni, likaelekezwa mashariki ili lipate jua la asubuhi na liupe upepo kisogo, maana upepo wa Pruett hauna adabu, unaweza kumvua mtu kofia akiwa chumbani kwake. Kila Jumamosi Marlys hutoa birika moja la kahawa, moja tu, na likiisha baraza limevunjika, hata kama mtu alikuwa katikati ya neno. Jumamosi hiyo ya Oktoba barafu nyembamba ilikuwa bado kwenye vioo vya pikapu, birika limejaa, jua limefika magotini mwa waliokaa, ndipo akatokea Wendell Tveit. Huyu alipeleka barua za mji kwa miaka thelathini na moja mpaka watu wakamwita Barua. Alikuja kwa miguu, amekumbatia blanketi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga mwenye homa.

— Ameshanunua nyingine! — akapaza Clete Baumgarten kabla hata ya salamu. — Jamani, ficheni pochi zenu. Maradhi yamemrudia.

Clete alikuwa fundi wa kuchimbia nguzo za uzio, na lakabu yake Simenti aliipata kihalali: akishakauka kwenye wazo, humtoi bila nyundo.

— Sijanunua — akasema Wendell. — Nimeazimwa mpaka saa sita mchana. Nimekuja mnisaidie kuikagua.

— Tukusaidie sisi? Ile ya kwanza ulitushirikisha?

— Clete, tafadhali.

— Marlys! Mletee huyu bwana chai!

Benchi zima likacheka, na Wendell akacheka nalo, kwa sababu mtu aliyechekwa miezi minane hujifunza kukidandia kicheko kinapopita.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi Februari, wiki ile ile aliyostaafu, Wendell alikwenda kwenye maonyesho ya bunduki za kale, akarudi na moja aliyoambiwa ilitumika katika vita vya zamani sana. Orrin Haskett, mkata manyoya ya kondoo anayening'iniza kioo cha kukuzia shingoni kwa kamba ya kiatu, na kwa hiyo huitwa Lenzi, alilowesha kidole, akakipitisha kwenye kitako, akakilamba. "Majani ya chai," akasema. "Na sukari kidogo." Ule uzee wote ulikuwa umechemshwa kwenye sufuria. Bunduki ilikuwa changa kuliko kitinda mimba wa Wendell. Tangu siku hiyo hakunywa kahawa kwenye benchi lile bila kuulizwa kwanza kama angependelea chai.

Ndiyo maana safari hii aliazima kwanza. Hasara angeimeza. Alichoogopa ni kufa huku jina la Barua limefutwa na kuandikwa Chai, na Pruett ni mji unaoandika lakabu kwenye mawe ya makaburi.

Akafungua blanketi.

Ikatokea bunduki ya wenzo, ndefu, nyembamba, ya aina ile ambayo babu za watu wa huko waliitundika juu ya mlango wa jikoni: kuna pete ya chuma chini ya mkono, unaisukuma mbele, unairudisha, na risasi inayofuata imeshakaa tayari. Chuma chake kilikuwa na rangi ya zabibu kavu. Mti wake ulikuwa mweusi pale ambapo kiganja cha mtu mmoja kilishika kwa miaka mingi.

Hakuna aliyetaja chai.

Wendell akafungua wenzo, akachungulia chemba, akaingiza kidole kidogo kuhakikisha hamna risasi, akasema "Tupu," akampa Lenzi. Lenzi, aliyekuwa amesimama naye pua kwa pua na ameyaona yote hayo, akafungua wenzo, akachungulia, akaingiza kidole. "Tupu." Akampa Dewey Ostrander, ambaye huitwa Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Redio akafungua, akachungulia, kidole, "Tupu." Simenti naye, "Tupu." Marlys alikuwa ametoka na vikombe, akaviweka chini, akaipokea, akafungua, akachungulia, akaingiza kidole.

— Tupu. Kahawa hiyo.

Pruett ndivyo bunduki inavyopita mkono hadi mkono. Hata askofu akikupa na kukuapia kuwa haina kitu, unamshukuru, halafu unachungulia.

— Haya, toa orodha — akasema Lenzi. — Najua una orodha.

Wendell akatoa bahasha kuukuu aliyokuwa ameandika nyuma yake mambo aliyoyanakili kwenye kitabu cha maktaba.

— Kwanza, skrubu.

Lenzi akainama na kioo chake mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye chuma.

— Skrubu hazijui kusema uongo. Mtu akitia bisibisi isiyo saizi yake, ule mstari wa kichwani unachanika kama mdomo wa samaki aliyeng'oka kwenye ndoana. Tazama hizi. Safi! Hii bunduki haijawahi kufunguliwa na mpumbavu.

— Kwa hiyo haijawahi kufika kwako — akasema Simenti.

— Pili — Wendell akaendelea haraka — mti na chuma. Kitabu kinasema nipitishe ukucha. Mti ukiwa wa asili, umeinuka juu ya chuma kidogo, unywele tu. Ukiwa umepigwa msasa, umezama.

Akaweka ukucha kwenye chuma, akausogeza polepole kuelekea kwenye mti. Watu wakaacha kunywa.

— Umejikwaa — akanong'ona.

— Umejikwaa kweli, au unataka ujikwae?

— Umejikwaa, Orrin! Njoo na ukucha wako!

Ukucha wa Lenzi ukajikwaa. Wa Simenti ukajikwaa pia, ingawa yeye alidai ni kwa sababu kucha zake ni ndefu.

— Basi shukuru, ndugu yangu — akasema Lenzi.

— Nashukuru — akasema Wendell, na kweli alishukuru, akashukuru kahawa, akashukuru jua, akashukuru hata kucha za Simenti.

— Lakini mbona chafu hivi? — Redio akauliza. — Wendell, sikiliza. Nipe nusu saa na stilwuli ya kusugulia masufuria, nitakung'arishia mpaka uione kama kijiko cha harusi.

Alikuwa ameshatoa leso na ameshaitemea mate. Lenzi akapiga ukelele, mbwa wa upande wa pili wa barabara akasimama.

— Usiguse! Usithubutu kugusa! Hiyo rangi ya kahawia ndiyo bei yenyewe! Ukiisugua, umesugua miaka mia moja!

— Nilitaka kusaidia tu.

— Kawasaidie maadui wa Wendell!

Tatu ilikuwa tundu la mtutu. Wendell alifungua wenzo, akakunja risiti ya chakula cha kuku na kuiweka nyuma pale ili karatasi nyeupe irudishe mwanga, kisha akachungulia kwa mbele, jicho moja limefumba, ulimi nje.

— Unaona mifereji? — akauliza Lenzi. — Ile inayozunguka ndani kama uzi wa skrubu?

— Naiona. Inazunguka vizuri. Mwanzoni kuna giza.

— Giza la kutu au giza la uchafu?

— Sasa nitajuaje? Halijajitambulisha. Katikati kunang'aa. Halafu... kuna mtu.

— Kuna nani?

— Ana miguu minane.

— Mwache huyo huyo — akasema Simenti. — Bunduki yenye mpangaji bei yake ni nyingine.

Nne, Wendell alivuta nyundo hatua moja tu, ile hatua ya nusu ya usalama, akaisukuma kwa kidole gumba kwa nguvu zote. Ikagoma. Tano, akamsomea Lenzi namba iliyochongwa chini ya chuma, na Lenzi akaitafuta kwenye kitabu chake cha minada, kile ambacho mkewe amelalamika mara nyingi kuwa kinaishi chooni.

— Mwaka 1896 — akatangaza. — Wendell, hii si chai.

Wendell Tveit akavuta pumzi ambayo alikuwa hajaivuta tangu Februari. Ndipo Simenti akauliza swali ambalo Wendell alikuwa analikwepa asubuhi nzima.

— Na ilikuwa ya nani?

— Ya... ya marehemu Harlan Stroud.

Kahawa ya Redio ikashukia njia isiyo yake.

— Bwana Faini?

— Ndiye.

— Wewe umetuletea bunduki ya Bwana Faini, tukaiingiza vidole?

Harlan Stroud alikuwa bwana nyama wa wilaya kwa miaka thelathini na sita, mlinzi wa kila kulungu, kila bata na kila samaki wa serikali, mpaka alipostaafu. Alizikwa Aprili iliyopita, na mazishini watu walihudhuria wengi, baadhi wakitaka kuhakikisha. Hakuna nyumba mjini ambayo hakuiandikia faini. Wanasema hata paka wa kanisa alikuwa akivizia panya kwa kujificha asionwe naye.

— Mimi samaki wangu alipungua upana wa ukucha — akasema Simenti. — Akampima kwa rula! Siku ya harusi yangu!

— Ulikwenda kuvua siku ya harusi yako?

— Asubuhi! Harusi ilikuwa jioni!

— Mimi bata — akasema Redio. — Dakika mbili baada ya jua kuzama. Nikamwambia, mzee, saa yako inakimbia. Hakunijibu. Akanyosha kidole, akanionyesha pale jua lilipokuwa.

— Mimi alinichukulia kulungu wangu wa kwanza — akasema Wendell. — Nina miaka kumi na sita, sina kibali. Akachukua kulungu, akaniachia kamba. Na kila Desemba alikuwa akituma makao makuu ya wanyamapori bahasha ya kahawia, haina jina la mtumaji. Alinikabidhi mkononi mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilizibeba nne mpaka zikakoma.

— Ni majina yetu hayo! — akaruka Simenti. — Orodha ya mwaka mzima! Mchongezi mkubwa!

— Nami nilidhani hivyo — akasema Wendell.

Lenzi alikuwa hasikilizi. Aliigeuza bunduki tumbo juu, na uso wake ukawa uso wa daktari anayetafuta pa kuanzia.

— Wendell. Kaa chini.

— Nimekaa.

— Basi simama, halafu ukae tena. Kuna alama.

Zilikuwa chini ya kitako, pale ambapo kiganja huzificha: mikato midogo ya kisu cha mfukoni, imepangwa safu kama meno. Lenzi akazihesabu mara mbili. Ishirini na tatu, na ya mwisho kabisa fupi, imeishia njiani.

— Ishirini na tatu na nusu. Ndugu yangu, mkusanyaji yeyote wa vitu vya kale akiona hivi bei inaanguka katikati. Mti wa 1896 umechanjwa kama mtoto wa shule!

— Inategemea ni alama za nini — akasema Redio, na sauti yake ikapanda kituo kingine. — Kama ni watu, bei haishuki. Inapaa! Babake Faini alikuwa nayo kabla yake, sivyo? Basi hao ni majambazi wa treni. Ishirini na tatu!

— Treni ya Pruett haijawahi kubeba kitu cha kuibiwa zaidi ya viazi.

— Majambazi wa viazi!

— Hizo ni faini — akasema Simenti. — Kila mtu aliyemkomoa, mkato mmoja. Mimi ni ya saba. Naihisi.

— Faini ziwe ishirini na tatu tu? Mimi peke yangu nina tisa — akasema Lenzi. — Kisayansi, hizo ni dubu.

— Dubu wa wapi, Orrin? Huku dubu wa mwisho alihama kwa sababu ya upepo.

— Basi ni wachumba — akasema Redio. — Waliomkataa.

— Bi Verna alimkubali.

— Ndiyo ile nusu!

Ile nusu iliwagombanisha zaidi kuliko nzima zote. Redio alisema ni mtu aliyekimbia na risasi mwilini. Lenzi alisema ni mtu mfupi. Simenti alisema ni Redio mwenyewe, maana faini ya bata aliililia mpaka akapunguziwa, na Redio akaapa kwa jina la mama yake kwamba yeye, awe nini awe nini, nusu ya mtu hajawahi kuwa na hatakuwa.

— Kwani mjane wake anataka ngapi? — Simenti akarudi kwenye jambo.

— Dola elfu moja na mia mbili. Na kuna mnunuzi wa kutoka mji mkubwa anakuja saa saba.

— Mpe mia sita. Mwambie alama zimeiua.

Wendell akaandika mia sita nyuma ya bahasha. Akaitazama ile namba, haikumpendeza. Lakini alikumbuka Februari, akakumbuka ladha ya chai kwenye kidole cha Lenzi, akaipigia mstari.

— Usimwonee haya — Simenti akaendelea. — Mumewe alituonea haya sisi? Ile baridi ya treni, watoto tunalia njaa, yeye yuko wapi? Yuko porini anahesabu kulungu wa serikali!

Baridi ya treni, kila mtu wa umri wao Pruett anaijua. Theluji ilifunga reli wiki sita, wao wakiwa watoto wa miaka minane, tisa.

— Sisi tulikula viazi mpaka vikakaribia kutuota masikioni — akasema Redio.

— Mlikuwa na viazi! Sisi tulikula vya mbegu.

— Kwetu nilikuta mama anachemsha mkanda — akasema Lenzi.

— Wa nani?

— Wa baba. Alikuwa ameuvaa.

— Halafu tukapata kulungu — akasema Redio — na hapo ndipo...

— Mlimpata wapi?

— Tulimpata tu. Usinikatishe, bado niko kwenye njaa.

— Hata sisi tulipata — akasema Lenzi, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu aliyegundua ana kitu mfukoni ambacho hakumbuki kukiweka.

Wendell alikumbuka harufu. Mafuta yakilia kwenye kikaango, na mama yake amewapa mgongo muda mrefu kuliko kawaida. Alitaka kuitaja, lakini barabara ilikuwa ikivukwa.

Bi Verna Stroud, mwenye miaka themanini na minne, alivuka bila kutazama kushoto wala kulia, akiyaachia magari kazi ya kumtazama yeye. Wote wakasimama, kofia zikavuliwa. Kwa miaka yote ya benchi lile hakuwahi kulikalia. Hakuna aliyewahi kumkaribisha.

— Habari zenu, vijana.

— Nzuri, Bi Verna — wakajibu vijana wa miaka sitini.

— Wendell, umeikagua?

— Nimeikagua, Bi.

— Orodha yote?

— Yote. Ni bunduki nzuri sana, Bi Verna. Ila kuna... hizi alama. Orrin anasema...

— Orrin anasema nini?

Orrin alikuwa anakisoma kiatu chake kwa kioo.

— Zinashusha bei, Bi — Wendell akamalizia, na masikio yakamwaka moto.

— Hata yule bwana wa mjini kasema hivyo kwenye simu. Bei nitakayo atanipa, ila lazima azizibe kwa unga wa mbao, apake rangi, zisionekane. Nikamwambia asubiri, nimwonyeshe Wendell kwanza.

— Kwa nini mimi?

— Kwa sababu nyumba yenu ile ya kando ya reli ni ya tisa.

Hakuna aliyeelewa. Bi Verna akanyosha mikono, akapewa bunduki. Akafungua wenzo, akachungulia, akaingiza kidole kidogo chembamba kama penseli. "Tupu." Akaigeuza, akaweka ukucha kwenye alama ya kwanza.

— Hii ni ya Baumgarten. Mama yako alikuwa mjamzito, Clete, kwa hiyo ninyi mlianza. Hii Haskett. Hii Ostrander, na hii pia Ostrander, wale wa bondeni. Hii ya mwalimu. Hii... hawa walihama. Na hii ya tisa, Tveit.

— Faini? — Redio akauliza. — Baba naye alipigwa faini?

— Kulungu, Dewey. Ile baridi ya treni. Msimu wa kuwinda ulikuwa umefungwa, na aliyekula kiapo cha kuufunga ni Harlan. Angejulikana, kazi ingekwenda na nyumba ya kazi ingekwenda. Aliwaangusha mmoja mmoja, akawaburuta kwa kitelezi cha mbao, akawatundika milangoni kwenu kabla hamjaamka. Akanikataza nisiseme. Nikakaa kimya miaka hamsini na moja. Lakini Aprili amekufa, na tangu hapo hajanikataza tena.

— Lakini, Bi Verna — akasema Simenti, na huu ulikuwa ufa wa kwanza kuonekana kwake — Harlan yule? Si angejiandikia faini mwenyewe!

— Alijiandikia.

— Nini?

— Kulungu kwa kulungu. Kwa mshahara wa bwana nyama hatukuweza kulipa zote mara moja, basi ikawa moja kila Desemba, kwenye bahasha ya kahawia, bila jina. Za mwisho ulizibeba wewe, Wendell. Nilikuwa nakuona dirishani.

Wendell alizikumbuka zote nne. Moja aliiinua kwenye jua akitafuta jina lake ndani. Nyingine aliiangusha kwenye tope makusudi, akasimama, akaiokota, akaifuta kwa mkono wa koti, akaipeleka, kwa kuwa posta ni posta. Akatamani sasa angekuwa ameifuta vizuri zaidi.

— Na hii nusu? — Lenzi akauliza taratibu.

— Hiyo kuna nyumba ilimkata kulungu wake katikati, ikarudisha nusu pale pale mlangoni, na karatasi: tumetosheka, wapeleke wengine. Harlan alirudi nayo analia. Au ilikuwa baridi. Kwa Harlan huwezi kujua.

— Nyumba gani?

— Hakuniambia.

Redio akaweka kikombe chini.

— Ni sisi — akasema Redio. — Mama alikuwa na moyo huo.

— Acha uongo! Ninyi mlikuwa watoto kumi na mmoja, mngerudisha kwato! — akasema Simenti. — Ni sisi.

— Ninyi? Baba yako alikuwa anahesabu njiti za kiberiti!

— Ni sisi — akasema Lenzi. — Huo ni mwandiko wa mama kabisa.

— Mama yako alikuwa hajui kuandika!

— Alijifunza baridi hiyo hiyo! Alikuwa na nafasi!

Wakaigombania ile nusu kama watoto wanaogombania paja la bata mzinga, watu wale wale ambao robo saa nyuma walikuwa wakitupiana kama tusi. Bi Verna aliwaacha mpaka wakaishiwa pumzi.

— Mimi kuna jambo moja nimetaka kuwauliza siku zote — akasema. — Nilikuwa nikipita upande ule wa barabara kila Jumamosi, nawasikia. Mnajua yote. Mnajua kwa nini mvua hainyeshi na nani aliiba kengele ya kanisa. Sasa niambieni. Mmeamka, theluji imefika dirishani, hakuna chakula, na mlangoni kuna kulungu mzima. Mlidhani ni nani?

Redio akafungua mdomo. Pruett haijawahi kuona jambo hili: hakikutoka kitu. Lenzi aliinua kioo, akatazama hewa. Simenti alishika ukingo wa benchi. Wendell akatafuta kila kona ya kichwa chake, akaipata harufu, akaipata ndoano ya mlangoni yenye barafu, akajikuta anakumbuka vizuri kabisa kwamba aliomba kuongezewa. Kuuliza, hakukuta popote kwamba aliuliza.

Marlys alitoka, akainua birika, akaliinamisha. Matone mawili.

— Imekwisha.

Kwa sheria ya miaka yote, hapo baraza huvunjika. Hakuna aliyeondoka. Simenti, ambaye hakuna kumbukumbu ya yeye kumpa mtu kitu chochote cha moto, alifuta mdomo wa kikombe chake kwa mkono wa shati, akakinyosha.

— Upande huu sijaugusa, Bi.

— Ni nusu, Clete.

— Ndiyo, Bi.

Wakasogea. Bi Verna akakaa katikati ya benchi, akanywa, akasema kahawa ya Marlys ni mbaya kuliko alivyodhani miaka yote hii. Wendell alikuwa ameweka kitabu cha hundi gotini. Aliandika ile bei ya Bi Verna, halafu akasita, akaanza kuandika nyingine, kubwa zaidi.

— Bei ni bei, Wendell — Bi Verna akasema bila kugeuka. — Harlan angekuandikia faini.

Akaandika elfu moja na mia mbili. Ile bahasha yenye mia sita akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa haikunjiki.

— Na alama? — akauliza Bi Verna.

— Hazizibwi.

— Na buibui? — Redio akauliza, sauti imerudi, lakini ya chini.

— Buibui abaki. Bi Verna...

— Naam.

— Asante. Ilikuwa tamu. Niliongezewa.

Bi Verna akamgonga goti mara moja kwa kikombe. Wendell akatandaza blanketi ili aifunge bunduki, lakini Lenzi alikuwa amenyosha mikono.

— Hebu kwanza nihakikishe kama ni tupu.

Akafungua wenzo, akachungulia, akaingiza kidole, "Tupu," halafu kiganja chake kikateleza mpaka chini ya kitako, kikatulia kwenye alama. Wakamngoja. Akampa Redio, naye akafungua, akachungulia, kidole, kiganja kikashuka. Kisha Simenti. Upepo ulikuwa umeanza, vikombe vilikuwa vimepoa, na kila mtu tangu asubuhi alijua kwamba bunduki ile haina risasi.

— Tupu? — Marlys akauliza kutoka mlangoni.

— Ngoja — akasema Simenti. — Bado naangalia.